Mwekezaji wa Chini ya Gome

Nchi yenyewe msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Wenyewe walikuwa wamebadili jina lake mara nyingi mno, hata wachora ramani wakachoka, wakaacha mahali pake doa jeupe, na serikali ikalifurahia lile doa kwa kuwa nyeupe ni rangi ya amani. Ilikuwa nchi tulivu. Kiongozi wake aliitwa Mlezi Mkuu, na wananchi wote, wakiwemo vikongwe waliomzidi umri, walikuwa watoto wake kisheria.

Mlezi Mkuu alipenda misonobari. Mwaka aliposhika hatamu alipanda mmoja kwa mkono wake juu ya kilima cha Lupembasi, huko nyanda za baridi, mbele ya bendi ya magereza. Taifa zima, kwa hiari iliyosimamiwa na askari, likapanda mingine kuuzunguka, mpaka vilima vyote vya wilaya ile vikafunikwa. Ikatungwa Sheria ya Heshima ya Misonobari. Ilikatazwa kukata msonobari, kuuegemea, kuanika nguo juu yake, na kukohoa chini yake. Watu wa Lupembasi walipikia kuni za kununua wilaya jirani, huku msitu mzima ukiwatazama.

Aliyewekwa kuulinda msitu huo alikuwa Skolastika Mhepela. Cheo chake kilikuwa Bwana Misitu, maana sheria haikuwahi kufikiria kwamba mwanamke angeweza kusomea miti. Lakini wenyeji walimwita Bibi Misitu, naye aliitikia yote mawili. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpana, mjane, mwenye magoti yaliyolalamika kila alipopanda mlima na kila aliposhuka. Uchovu wake haukuwa ule wa kulala ukaamka umekuacha. Ulikuwa uchovu wa vikao. Alikuwa amekaa kwenye vikao vya kuandaa vikao kwa miaka mingi, akasikiliza hotuba nyingi, akapiga makofi hata viganja vikaota sugu ambayo wenzake waliipata kwa jembe.

Basi kipupwe kimoja, akiwa katika mizunguko yake, aliona kilele cha msonobari kimegeuka rangi ya chai iliyochemshwa mara mbili. Akasogea. Kwenye gome palikuwa na vitobo vidogo, kama vile mtu amepita na msumari, na kila kitobo kimetema vumbi jekundu laini kama unga wa ulezi. Akatazama kulia na kushoto, akachomoa panga, akavunja kifungu cha tano cha sheria kwa kubandua kipande cha gome.

Ndani alikuwamo mdudu. Wataalamu humwita mbawakawa wa magome. Wenyeji walimwita dumuzi, kama wanavyomwita yule wa mahindi, kwa sababu mharibifu ni mharibifu. Hakuzidi punje ya mchele. Alikuwa kahawia ya kukolea, anang'aa kama kiatu cha askari siku ya gwaride. Mbele alikuwa mviringo, kichwa amekificha chini ya ukosi kama mtu anayekwepa swali. Nyuma alikuwa kana kwamba amekatwa mshazari, na ukingo wa ule mkato umezungukwa na meno madogo. Hilo ndilo koleo lake. Akirudi kinyumenyume huku amelibinua, husukuma nje taka zote za uchimbaji, nyumba ikabaki safi.

Skolastika aliyajua maisha yake tangu chuoni. Dume ndilo hutangulia. Hutoboa gome, huchimba sebule, kisha hutoa harufu ya kuita. Wake huja, wawili, watatu, hata wanne, na kila mke huchimba ukumbi wake, mmoja kuelekea juu, mwingine kuelekea chini, bila ugomvi wa ukewenza. Kando ya ukumbi hutagwa mayai, moja moja, kila yai na kishimo chake. Mabuu yakianguliwa huchimba vichochoro vya kwenda pembeni, yakila ile ngozi laini, tamu, iliyo kati ya gome na mti, ambamo mti hupitishia chakula. Kisha hulala, huota mabawa, hutoboa gome na kwenda mti wa pili. Na ile harufu huvuma msitu mzima: njooni, hapa panalika. Mti haulii. Hubaki kijani juu kwa majuma kadhaa, ilhali chini ya gome umekwisha kufa.

Alikitazama kile kipande cha gome mkononi. Kumbi na vichochoro vilifanana mno na ramani ya jengo jipya la wizara.

Chini ya mteremko ule, karibu kabisa na misonobari, ilikuwapo zahanati ya Lupembasi yenye wodi ya wazazi. Mkunga wake alikuwa Leokadia, mdogo wake Skolastika wa tumbo moja. Skolastika alishuka, magoti yakiimba, akamkuta anaosha beseni uani.

"Dada, umekuja wakati mzuri," Leokadia alisema bila kuinua kichwa. "Jana tawi limeangukia jiko letu. Sufuria ya uji imekuwa bapa kama sahani. Bahati mpishi alikuwa ameenda kuteka maji."

"Miti ya hapo juu imekufa, Leo."

"Si ni kijani?"

"Imekufa ikiwa kijani. Upepo wa Agosti ukija, itaanguka. Na ikianguka haina pa kwenda ila hapa."

Leokadia akaliweka beseni chini. "Basi ikate."

"Nikipata kibali."

Mdogo mtu akacheka, kicheko kisicho na furaha. "Dada yangu, mimi nina wanawake wanne mle ndani. Hakuna hata mmoja anayesubiri kibali."

*

Mkuu wa Wilaya alikuwa Bwana Gaudensi Malangalila, mtu mwembamba, mwoga kwa taaluma. Aliposikia habari hizo alifunga mlango, akafunga dirisha, akapunguza sauti ya redio iliyokuwa ikimsifu Mlezi Mkuu, akagutuka, akaiongeza tena.

"Bibi Misitu, sema taratibu. Msonobari wa Mlezi Mkuu unafanywa nini?"

"Unaliwa, Mheshimiwa."

"Hauliwi."

"Nimeona kwa macho yangu."

"Macho yako ni mali ya utumishi wa umma," alisema Bwana Malangalila, jasho limemtoka ingawa kulikuwa na baridi ya kukata. "Mti wa Mlezi Mkuu hauwezi kuliwa. Ukiliwa, maana yake kuna anayemla Mlezi Mkuu. Na kama yupo anayemla, mimi Mkuu wa Wilaya nilikuwa wapi? Tafuta neno lingine."

Walitafuta neno mpaka mchana ukapita. *Unaugua* lilikataliwa, *umechoka* likakataliwa kwa ukali zaidi. Methali ya kikulacho, ambayo ingewafaa, ilikuwa imefutwa kwenye vitabu vya shule kwa sababu za usalama. Mwishowe wakakubaliana kwamba msonobari *umetembelewa*. Habari ikapelekwa juu hivyo: misonobari ya Lupembasi imetembelewa na wageni wadogo, wengi, wasio na mizigo.

Ikiwa huko juu, habari ikafika kwanza Usalama. Akaja Afande Kilangi, aliyevaa miwani myeusi hata ndani ya nyumba, kwa hiyo akajigonga mara kwa mara. Alimketisha Skolastika kwenye kiti kisicho na mgongo.

"Kiongozi wao nani?"

"Hawana kiongozi, Afande. Ni wadudu."

"Wenye vyumba vyote hivyo hawakosi kiongozi. Umesema dume linatoa harufu kuwaita wenzake?"

"Ndiyo."

"Linaita wangapi?"

"Huweza kuita maelfu."

Afande Kilangi akavua miwani kwa mara ya kwanza. "Mkutano wa maelfu. Bila taarifa polisi." Akaivaa tena. "Na wewe hiyo harufu umeisikia?"

"Binadamu hawezi kuisikia, Afande."

"Kwa hiyo wana mawasiliano ya siri."

Skolastika aliona nafasi, akaishika. Kama dumuzi ni mhaini, basi dumuzi ataangamizwa, na hicho ndicho alichokitaka. Akaeleza dawa yake ambayo wakulima wa miti huijua: unakata ile miti iliyoshambuliwa, unabandua magome, unachoma moto kabla kizazi kipya hakijaruka. Afande alisikiliza kwa huba. Kuchoma alikuelewa. Akaahidi kikosi.

Skolastika akarudi nyumbani akalala usingizi mzuri. Ulikuwa wa mwisho kwa muda mrefu, kwa sababu kabla kikosi hakijaja, alikuja Waziri.

*

Mheshimiwa Pankrasi Nyembeke alikuwa Waziri wa Fahari na Uwekezaji. Wizara yake haikuwa imepata mwekezaji hata mmoja tangu ianzishwe. Walikuja, wakala chakula cha mchana, wakaondoka. Siku hiyo alisimama chini ya msonobari wenye vitobo, akashika kile kipande cha gome, akakigeuza huku na huku. Watu wa Lupembasi walikuwa wameletwa kusikiliza, wamepangwa kwa urefu.

"Ndugu wananchi," alianza, "kuna watu wamewaambia kwamba huyu ni mdudu. Nami nawauliza, mdudu hujenga? Tazameni! Hii ni sebule. Hizi ni kumbi. Hapa ni vyumba vya watoto, kila mtoto na chumba chake, jambo ambalo sisi wenyewe bado tunalipanga katika dira ya karne ijayo. Huyu amekuja bila kuomba barabara, bila kuomba umeme. Amekuja na mtaji wa meno yake! Analeta familia yake. Anaita wenzake waje. Ni nani kati yenu amewahi kuita mwenzake aje kuishi hapa?"

Kweli hakuna aliyewahi.

"Huyu si mdudu. Huyu ni mwekezaji!"

Makofi yakapigwa. Skolastika naye akapiga, maana sugu za viganja vyake zilikwisha kuzoea. Papo hapo mwekezaji akapewa ulinzi wa serikali: asibughudhiwe, asibanduliwe, asichomwe. Afande Kilangi, aliyekuja na viberiti, akaviweka mfukoni, akasimama kando ya mti kumlinda yule aliyekuja kumuua. Hakuonyesha kinyongo. Alikuwa na bunduki moja tu, na ilitosha kuelekezwa upande wowote.

Lakini misonobari haikuwa na adabu. Ilizidi kubadilika rangi, kwanza manjano, halafu wekundu wa matofali, halafu kahawia ya kiza, mti baada ya mti, mpaka kilima kikafanana na kichwa cha mzee aliyejipaka hina. Mlezi Mkuu alitarajiwa kuja kwenye maadhimisho ya kuupanda ule mti wake. Ikaundwa Kamati ya Rangi. Skolastika akatiwa humo kama mjumbe.

Mjumbe mmoja alishauri ipakwe rangi ya kijani. Ikaonekana rangi haitatosha. Mwingine akashauri Mlezi Mkuu apitishwe usiku. Ikaonekana ni matusi. Ndipo Waziri Nyembeke, akiwa anatafuna paja la kuku, akapata maono.

"Kwa nini tubadilishe miti?" alisema. "Miti imekwisha kufanya kazi yake. Tubadilishe kijani."

Tangazo likatoka jioni ile kwenye redio. Kuanzia sasa, rangi iliyokuwa ikiitwa kahawia na watu wenye uoni hafifu itaitwa kijani kilichokomaa. Kile kijani cha zamani kitaitwa kijani kichanga, na kitavumiliwa. Shuleni Lupembasi watoto waliochora majani kwa penseli ya kijani walisahihishwa kwa fimbo. Bendera ya taifa, iliyokuwa ya kijani, ikachovywa kwenye maji ya magome. Mlezi Mkuu alipokuja, aliutazama msonobari wake, uliokuwa mkavu kama mfupa, akasema, "Umekomaa." Watu wakalia kwa furaha, wengine kwa kweli.

Skolastika alikuwa nyuma ya jukwaa siku hiyo, ameketi juu ya kreti ya soda. Hakuwa akimsikiliza Mlezi Mkuu. Alikuwa akisikiliza juu. Upepo ulikuwa mwepesi bado, lakini misonobari ilikuwa ikitoa mlio ule wa kukwaruza, wa mti usio na maji ndani, kama mlango wa nyumba iliyohamwa.

*

Julai ikaisha. Msonobari mmoja ukaanguka kando ya zahanati, ukavunja choo. Hakuna aliyekuwa ndani. Katika kikao, tukio hilo likaitwa kuinama kwa heshima. Mwingine ukaanguka, ukakata paa la stoo ya dawa. Leokadia akawahamishia wazazi upande wa pili wa wodi, wawili wawili kitandani.

Skolastika alipomwendea alimkuta ameketi kizingitini, amechomeka kanga kiunoni, macho mekundu.

"Wahamishe waende shuleni," Skolastika alisema.

"Nimeomba. Wamesema kumhamisha mgonjwa kutoka chini ya misonobari ni kuituhumu misonobari." Leokadia akamshika dada yake mkono. "Dada, mimi sikusoma miti. Lakini wewe unajua, na wanajua kwamba unajua. Kwa nini hawakusikilizi?"

"Kwa sababu ninawaomba kwa niaba ya watu," alijibu Skolastika.

Alilisema kwa uchovu tu, kama mtu anavyopiga miayo. Lakini neno lilipotoka alilisikia mwenyewe, akalirudia kimoyomoyo. Akasimama. Akakung'uta sketi. Akapanda hadi ofisi ya wilaya ambako kamati ilikuwa imekaa, kama kawaida, na imekula, kama kawaida. Waziri Nyembeke alikuwapo.

"Mheshimiwa Waziri," alisema, "sikuja kuomba kitu mimi. Nimeletwa na mwekezaji."

Vijiko vikatulia.

"Mwekezaji ana malalamiko. Anasema ile miti iliyo juu ya zahanati imemchosha. Kelele za watoto wachanga zinamnyima usingizi. Harufu ya dawa inaingilia mawasiliano yake. Anaomba miti hiyo ikatwe, yeye na familia yake waondolewe hapo kwa heshima."

Bwana Malangalila alifumba macho. Alidhani anashuhudia mtu akijiua. Lakini Waziri alikuwa amesimama, amejifuta mdomo, uso umembadilika.

"Tangu lini analalamika?"

"Tangu Juni, Mheshimiwa."

"Tangu Juni!" Waziri akawageukia wajumbe. "Mwekezaji anateseka tangu Juni na sisi tumekaa hapa! Mnataka aende nchi jirani? Bibi Misitu, kata! Kata leo. Chukua wafungwa, chukua misumeno, chukua chochote. Malangalila, kwa nini hukuniambia?"

"Mheshimiwa, mimi..."

"Nyamaza."

Kwa hiyo jambo lililoshindikana kwa majuma kwa ajili ya wanawake wa wodi ile, likafanyika kabla ya jua kuzama kwa ajili ya dumuzi. Misumeno ililia mteremko mzima. Skolastika alisimamia mwenyewe, akionyesha kila mti uangukie wapi, sauti ikamkauka. Wazazi walitolewa nje wakakaa kwenye mikeka mbali kidogo, wakishangilia kila gogo lilipobiringika upande salama. Upepo mkubwa ulikuja juma lile lile. Uliangusha nusu ya kilima. Juu ya zahanati haukupata cha kuangusha. Katikati ya vurumai ile mama mmoja alijifungua pacha, na Leokadia akatoka mlangoni, mikono ikiwa bado mibichi, akapiga vigelegele kuelekea kilimani alikosimama dada yake. Skolastika akaketi juu ya kisiki. Alitaka kulia, akakuta hana nguvu za kulia.

*

Alikuwa amepanga kuyachoma yale magogo. Alikuwa ameyapanga vizuri, magome juu, nyasi kavu chini, amebakiza kiberiti. Asubuhi upepo ulipotulia alifika, akakuta yanapakiwa kwenye malori.

Waziri Nyembeke mwenyewe alikuwa akisimamia, amevaa kofia ya ujenzi. "Bibi Misitu! Nimelala nikifikiria. Si haki Lupembasi peke yake ifaidi. Mwekezaji akihama, asihamie nyuma ya kilima tu. Kila wilaya yenye misonobari ipate magogo yake! Tunamgawa nchi nzima."

Skolastika akasogea mbele ya lori. "Mheshimiwa, wilaya nyingine miti yao ni mizima."

"Ni michanga," Waziri alimsahihisha kwa upole. "Tutaikomaza."

"Mheshimiwa, nisikilize. Huyu ataimaliza. Miti yote. Nilisema vile kwa sababu..." Akakwama. Kwa sababu nilidanganya, alitaka kusema. Lakini mtu aliyesema ukweli tangu Juni bila kusikilizwa, akadanganya mara moja akapewa misumeno, atasema nini sasa kikaaminika?

"Unyenyekevu wako unajulikana," alisema Waziri. "Wewe ndiye utakayesindikiza msafara wa kusini. Ni heshima."

Malori yakavishwa mashada ya maua. Watoto wa shule wakaimba wimbo wa kumuaga mwekezaji. Yakaondoka moja moja, kila moja na barabara yake: kaskazini, mashariki, magharibi. Skolastika alisimama akiyatazama, na kila moja lilipopinda kona ilikuwa kana kwamba ni yeye amelisukuma. Alikuwa ameokoa paa moja. Paa lile lilimgharimu nchi.

Akapanda lori la kusini, akakaa mbele na dereva. Dereva aliitwa Zabloni, mtu mwenye mashavu yaliyoingia ndani na kikohozi ambacho alikuwa amejifunza kukizuia akiwa Lupembasi. Mchana ukafika, wakaanza kuona misonobari ya wilaya ya kusini, kijani cha zamani, kijani kinachong'aa hadi kinauma macho.

"Kwetu huku," Zabloni alisema. "Mama yangu anakaa chini ya kile kilima." Kisha akauliza, "Mama, hivi tumebeba nini hasa? Nieleze kama unavyomweleza mtu."

Skolastika akamweleza. Hakutumia *mgeni* wala *mwekezaji*. Alisema dumuzi, alisema kula, alisema kufa. Ilikuwa muda mrefu tangu atumie maneno hayo mfululizo, na yalimtoka kwa shida, kama mtu anayetembea baada ya kuugua.

Zabloni aliendesha kidogo, kisha akapinda, akaingia machimbo ya zamani ya kokoto, yaliyo peupe, hayana jani. Akazima injini.

"Wakituuliza?"

"Utasema nilikulazimisha," alisema Skolastika. "Sema nilikushikia panga. Ninalo."

"Watakufunga, mama."

"Huenda. Fungua kamba."

Walifungua kamba, magogo yakabiringika mpaka chini ya shimo kwa kishindo, mashada ya maua yakiwa juu yake. Zabloni akamimina dizeli. Skolastika akawasha. Misonobari ina utomvu, haikuhitaji kubembelezwa. Moto ulipanda juu kuliko lori, na kutoka chini ya magome ikasikika milio midogo, mingi, tap tap tap, kama mahindi kwenye kikaango. Walisimama hapo mpaka milio ikaisha. Zabloni alikohoa kadiri alivyotaka.

*

Kesi haikuchukua muda. Shitaka lilikuwa kumfukuza mwekezaji kwa moto. Bwana Malangalila alitoa ushahidi kwamba hamjui mshitakiwa, hajawahi kumjua, na kwamba siku zote alimwonya. Waziri Nyembeke alitoa machozi. Zabloni alisema alishikiwa panga, kama alivyoambiwa, lakini alilisema kwa namna iliyomfanya hakimu amtazame mara mbili. Akanyang'anywa leseni na kurudishwa kwa mama yake, chini ya kilima ambacho kilikuwa bado kizima.

Skolastika hakufungwa. Ilionekana kumfunga kungetangaza kwamba kuna mtu alifanya jambo. Hakimu alisoma kwamba mshitakiwa anapumzishwa kwa manufaa ya umma.

"Samahani, Mheshimiwa Hakimu," alisema Skolastika. "Rudia hapo."

"Unapumzishwa."

"Asante," alisema, na karani anasema hakumsikia akitania.

Alihamia kwa mdogo wake, chumba cha nyuma ya zahanati. Alilala siku nyingi. Akiamka alikula uji, akalala tena, na Leokadia akawazuia watu kumwamkia. Habari zilikuja zenyewe, kwa redio na kwa wasafiri. Kaskazini vilele vimeanza kuwa rangi ya chai. Mashariki wameunda kamati. Magharibi Mkuu wa Wilaya amefunga mlango, amefunga dirisha, anatafuta neno. Kusini hakuna kitu. Kusini wanashutumiwa kwa kuchelewa maendeleo.

Usiku mmoja, baada ya chakula, Skolastika alimwambia Leokadia kile alichokuwa amekibeba: kwamba kama asingefungua mdomo wake mbele ya kamati ile, malori yasingeondoka.

Leokadia alifikiri. Hakuwa mtu wa kufariji kwa haraka. "Ni kweli," alisema. "Na wale pacha wasingekuwapo. Sijui hesabu yake, dada. Mimi siiwezi."

"Hata mimi."

"Basi tuiache. Kula."

Kuanzia siku iliyofuata Skolastika akaanza kuamka mapema. Akafagia ua. Akabeba maji kadiri magoti yalivyomruhusu. Hakuna aliyempa kazi hiyo na hakuna aliyemkataza. Alikuwa mtu aliyepumzishwa, na sheria haikusema watu waliopumzishwa wasifagie.

Asubuhi moja alipita wodini na ndoo. Tangu ile miti ikatwe, jua lilikuwa likiingia moja kwa moja kwa dirisha kubwa, likitandaza mwanga mkali juu ya vitanda mpaka ukutani. Mama mmoja mgeni, aliyefika juzi kutoka mbali na hakujua lolote la Lupembasi, alikuwa amejikunja pembeni, amemfunika mwanawe uso kwa kiganja.

"Bibi," alisema, akidhani ni mfagizi, "jua hili linamchoma mtoto machoni. Kwani hapa hamna hata kivuli?"

Skolastika alitazama nje, kwenye mteremko wenye visiki. Kisha akaweka ndoo chini.

"Subiri, mwanangu," alisema. "Nakwenda kukushonea pazia."